Hakorimana Apanga Njia ya Kabale

Ukitaka kufika, usimuulize Hakorimana. Ushauri huo watu wa kilima chetu, juu kidogo ya Rubaya, walipeana kwa kunong'ona, kisha wote wakaenda kumuuliza Hakorimana. Binadamu ndivyo alivyo. Anamwonya jirani asiguse pilipili huku mwenyewe anajifuta macho.

Ujuzi wa njia aliupata wapi mtu huyu? Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa kapita, msimamizi wa wavunja mawe, kwenye barabara ya Sake. Wenzake walipasua mawe, yeye akapiga filimbi, magari yakapita. Basi tangu hapo akaamini kwamba barabara zote za dunia ni watoto wa dada yake, zitamwamkia popote atakapozikuta. Yeye mwenyewe alikuwa amefika Goma, na ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, mara moja tu, kwa mazishi. Lakini alikuwa amesimama karibu na magari, jamani, na magari yanatoka mbali! Alikuwa mkulima wa maharagwe na mtama kama sisi sote, ila sisi tulipopalilia yeye alisimama na jembe begani akitazama bonde, akiwapangia safari watu ambao hawakuwa wakienda popote.

Mwulize Émile, mwindaji wa Itebero, kule msituni Walikale. Alikuja kwetu kuuza mafuta ya mawese, akataja kwamba anataka kwenda Bukavu kumsalimu kaka yake. Sasa barabara ya Bukavu inapita mbele ya mlango wa Émile. Angetoka ndani, akageuza uso, akaenda. Hakorimana akacheka kwa huruma. "Ile njia ya pori? Hapana, kaka. Utashuka Sake, utaenda Goma, utapanda meli. Muntu muzima lazima aone ziwa." Émile aliliona ziwa. Aliliona vizuri mno, maana meli ilikuwa imeshaondoka, akakaa ukingoni akilitazama mpaka chakula chake kikaisha. Kisha akarudi Itebero kwa miguu, akaanza safari upya kutoka mlangoni kwake. Ukimtajia Hakorimana, Émile hakasiriki. Anasema tu, "Ile Papa iko na akili mingi. Ila akili yake inazunguka."

Nisingejisumbua kusimulia kama mambo yangeishia kwa Émile, maana Émile ana miguu ya kudumu. Lakini mwaka wa hamsini na tatu Hakorimana alipanga safari ya damu yake mwenyewe.

Alikuwa na binti mmoja, Dancille. Baada ya Noeli Dancille aliolewa na Raphaël, fundi wa matofali kutoka Kabale, kule Uganda kwa Waingereza, aliyekuwa amekuja huku kutafuta kazi ya ujenzi. Padri akawafungisha, watu wakala, wakwe wakamchukua bibi-arusi wao na wakafika kwao salama bila kupangiwa njia na mtu yeyote. Sasa pete ya Padri ni kitu kizuri, lakini kwetu pete haimtoi bibi-arusi ndani. Akifika kwa mumewe anakaa nyuma ya pazia la matete. Halimi, hapiki, hafagii, hachoti maji, hasalimii mtu njiani, mpaka watu wa kwao waje na pombe iliyopikwa nyumbani kwa mama yake. Huko ndiko kutwikurura. Watu wako wanakuja, wanakufunua, unatoka nje mchana kweupe na kuwa mwenye nyumba. Pombe ya kununua sokoni haimtoi mtu.

Na watu wako wasipokuja? Basi mama-mkwe atachoka kulisha mikono isiyofanya kazi, atamtoa mwenyewe. Ole wake mwanamke aliyetolewa na mama-mkwe! Mpaka anazeeka, kila ugomvi wa chumvi utaishia palepale: "Nyamaza we, ata kwenu hakukuwa bantu ba kukutoa."

Wakwe walileta neno mapema, na neno lilikuwa wazi. Njooni kabla ya Jumatano ya Majivu. Ndani ya Kwaresima hakuna karamu wala pombe, na shamba la maharagwe halijui Kwaresima. Majivu yakishapakwa, mama-mkwe atamtoa Dancille kwa mkono wake, aingie shambani na wenzake. Mukamurenzi, mke wa Hakorimana, aliposikia hivyo akaloweka mtama siku ileile ili uote, auanike, apike pombe. Hakorimana akaanza kupanga.

Alipanga sakafuni kwa punje za maharagwe. Punje moja Sake, moja Goma, halafu zile za nchi za watu: Gisenyi na Ruhengeri upande wa Ruanda, Kisoro na Kabale upande wa Uganda. Kati ya punje alichora kwa kidole milima, mito na mahali ambapo, kwa maoni yake, msafiri angependa kupumzika. Jirani yetu Kanyamibwa, mwenye shingo ya kubeba hata ng'ombe ukimwomba vizuri, aliitwa aje kutazama kwa kuwa ndiye angebeba mtungi.

"Kule kwa Waingereza," Hakorimana akamfundisha, "gari inapita kushoto. Njo maana tukivuka tutaikala sisi wote upande wa kuume, gari isianguke."

"Eee," akasema Kanyamibwa.

"Na saa yao imetangulia yetu. Pale mupaka tutapoteza saa moja. Lazima tuipangie fasi ya kupotelea."

Kuku akaingia, akadonoa Ruhengeri, akameza. Mukamurenzi, aliyekuwa akipepeta mtama mlangoni, akatazama, akasema, "Basi mji umepungua, Papa Dancille. Njia imekuwa fupi. Twende." Hakorimana akamfukuza kuku, akaweka Ruhengeri nyingine.

Nimtendee haki. Alikwenda biro ya teritwari, ofisi ya serikali, kuomba karatasi ya kutoka nje kwa watu watatu, na kwa kuogopa njia akaomba ya muda mrefu, ipite mpaka baada ya Pasaka. Karani akamuuliza kama anahamia Kabale. Akajibu kwamba safari ni fupi, ila mtu mzima hujiwekea akiba. Akapewa. Ndilo jambo moja alilolipanga likafaa, na hata hilo alilipanga kwa woga.

Pombe ikaiva. Mukamurenzi akaijaza mtungi mkubwa wa udongo, akaziba mdomo kwa majani ya mgomba, akaufunga vizuri kwenye kikapu. Wakashuka Sake, na pale Sake Mungu akawapa njia bila kuombwa. Floribert, shofere wa kamyo ya vitunguu, kijana wa palepale anayemjua kila mtu, akawasimamishia gari.

"Papa, munaenda Kabale? Mi naenda Kabale. Pandeni na mutungi yenu. Sisimame fasi yoyote, vitunguu haviko na ndugu."

Mukamurenzi alikuwa tayari ameshaweka mguu kwenye gurudumu. Mumewe akamshika mkono. Akamtazama Floribert kama vile mtu amemtukania mama yake.

"Kijana, mi siko gunia ya vitunguu. Gisenyi iko Théogène, mutoto wa baba yangu mudogo. Ruhengeri iko dada yangu Béata. Kisoro iko Pierre, tulinywana damu wakati wa kazi ya barabara. Mi nipite kwa milango yao kama mwizi? Tutalala kwa ndugu, tutakula kwa ndugu. Njo mupango."

"Na pombe?" akauliza Mukamurenzi.

"Pombe nini?"

"Papa Dancille, ile pombe itaingia nyumba tatu za ndugu. Itatoka muzima?"

Aa, hapo sasa Hakorimana akatabasamu, maana alikuwa amengojea swali hilo tangu nyumbani. Akafunua mfuko wake. Ndani mlikuwa na vibuyu vitatu vya pombe, kimoja kwa kila nyumba. Mtungi ni wa wakwe, vibuyu ni vya ndugu. Kila mtu na chake! Floribert akawasha kamyo, akaondoka na vitunguu vyake. Mukamurenzi aliitazama ile kamyo mpaka kona. Ndoa ya miaka mingi inamfundisha mtu kutunza mate.

Sasa kabla sijaendelea, nieleze jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua, na ambalo mpangaji mkuu alilisahau kwa sababu alikuwa akifikiria magari. Pombe ikishaingia nyumba ya ndugu, haitoki bila kuonjwa. Mwenye kuileta anatia mrija kwanza yeye, ili ijulikane haina sumu, kisha wenyeji. Ukimnyima ndugu yako pombe aliyoiona kwa macho, umemwambia mambo mawili: kwamba yeye si mtu, na kwamba labda pombe ina kitu. Kwa hiyo mpango wa Hakorimana ulikuwa mzuri kabisa kwa mtu aliyebeba mawe.

Gisenyi, Théogène aliwapokea kwa furaha. Alikunywa kibuyu, akasifu, akafuta mdomo, kisha jicho lake likatua penye kikapu.

"Na ile?"

"Ile iko ya bukwe, ya wakwe."

"Aha." Théogène akatikisa kichwa polepole. "Bukwe njo bantu. Sisi tuko mbwa."

"Hapana, ndugu yangu, usiseme vile."

"Siseme kintu. Lala salama."

Hebu niambie, wewe ungelalaje hapo? Majani ya mgomba yakafunguliwa, "kidogo tu, tuonje jina la mutoto." Hakorimana akatia mrija wa kwanza. Théogène akatia wa pili. Halafu wakaja majirani, maana pombe ya mtama ina mdomo, inaita yenyewe. Asubuhi mtungi ukafungwa tena, na Kanyamibwa alipoutwika akasema kwa furaha ya kweli, "Papa, huu mupango iko muzuri! Mutungi inakuwa mwepesi." Katika safari nzima yeye peke yake ndiye aliyeona faida.

Kuhusu gari, Hakorimana alikuwa amepanga kamyo ya misioni itakayowachukua kwenda Ruhengeri. Kamyo hiyo ilikuwepo kweli. Ilikuwa imesimama chini ya mti, haina injini, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Wakasubiri gari nyingine wakasubiri, na siku za kabla ya Majivu zikawa zinaondoka bila kuaga. Mukamurenzi alizihesabu kimya kimya kwa rozari.

Ruhengeri, Béata hakutukana mtu. Béata alilia. Alikuwa shangazi, na shangazi kwetu si mtu wa kupewa kibuyu mlangoni. "Mutoto wa kaka yangu anatolewa," akalia, "mi niliyemubeba mugongoni, nionjeshwe kama mupita njia! Kaka, nimekukosea nini?" Hakorimana hajawahi kushinda machozi ya dada yake tangu wakiwa watoto wanagombania viazi. Mtungi ukafunguka. Shangazi alikunywa, akaimba, akacheza, akamwombea Dancille watoto wengi, na watu wa mtaa mzima wakasema amina kwa mirija.

"Kimebaki nini?" Mukamurenzi akamuuliza mumewe walipokuwa wakitembea kuelekea mpakani.

"Kingi."

"Tikisa."

"Pombe haitikiswi, Mama Dancille. Inaharibika."

Wakavuka. Hakorimana alisimama kidogo pale penye kizuizi, akitafuta ile saa moja inapotelea wapi, hakuiona. Na Kisoro ndipo alipokuwa Pierre, yule waliyenywana damu. Ndugu wa tumbo unaweza kumdanganya, mtasameheana. Uliyenywa damu yake huwezi kumnyima kitu, damu itakugeukia tumboni ikuue. Haya si maneno yangu, ndivyo ilivyoapwa. Pierre hakuuliza "na ile." Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu akafungua mwenyewe, akicheka, akimpiga Hakorimana mgongoni, akikumbusha mawe ya Sake. Mukamurenzi akatoka nje akakaa ukutani. Safari hii alilia, na alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Ile pombe aliipika kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa bado nyuma ya matete, akisikiliza njia.

Gari la Kisoro lilipandisha milima kwa kukohoa. Hakorimana aliwakalisha wote upande wa kuume kama alivyopanga, na kusema kweli gari halikuanguka. Wakafika Kabale siku moja kabla ya Majivu, jua likiwa limeinama. Nyumbani kwa mkwe, mzee Nzabandora, walikuwa wametandika mikeka, wameweka mirija mipya, wazee wa mtaa wamekaa wamevaa makoti. Nyuma ya pazia la matete palisikika mtu akivuta pumzi haraka haraka. Dancille alikuwa amezitambua nyayo za mama yake.

Mtungi ukawekwa katikati. Majani yakaondolewa. Nzabandora, mzee mwembamba mwenye ulimi mkavu, akatia mrija, akavuta, mrija ukalia kama unavyolia ukikuta machicha. Akauinamisha mtungi, akachungulia, akachungulia tena kwa jicho la pili.

"Mukwe," akasema kwa upole, "hii pombe imepita wapi?"

Hakorimana, mtu aliyependa njia kuliko chakula, hapo akapata nafasi ya kuieleza njia yake, na akatamani ingekuwa fupi. Ikabidi aseme jina moja moja. Gisenyi. Ruhengeri. Kisoro.

"Basi ni vizuri," akasema Nzabandora. "Bibi-arusi wetu ametolewa Gisenyi. Ametolewa Ruhengeri. Ametolewa Kisoro. Ni hapa Kabale tu, anapokaa, njo iko bado ndani."

Hakuna aliyecheka. Wazee walitazama makoti yao. Mama-mkwe akasimama, akajifunga kitenge kiunoni. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke mwenye shamba.

"Sisi tulitimiza ya kwetu," akasema. "Tulingoja. Kesho ni Majivu. Baada ya misa nitamutoa mimi, aende kulima na wenzake. Mutanisamehe, wakwe."

Nyuma ya matete ile pumzi ikakatika. Bibi-arusi hasemi mbele ya wageni, na Dancille hakusema. Lakini baba alisikia jinsi mwanawe alivyonyamaza, na kunyamaza kule kukamkata maini. Aliona miaka yote iliyo mbele ya binti yake, na katika kila mwaka kuna mtu anayemwambia kwamba kwao hakukuwa na watu. Nao walikuwepo! Walikuwa watatu, wamekaa hapa, wamekuja kutoka mbali, wamelala kwa ndugu!

Hakorimana akapiga magoti. Mkwe kupiga magoti mbele ya mama-mkwe wa binti yake, hilo peke yake ni jambo la kufunika uso.

"Mama, usimutoe. Nipe siku paka Pasaka. Bibi yangu atarudi nyumbani, atapika ingine. Mikono ya mutoto inakosekana kwa shamba? Chukua yangu. Mi nitalima fasi yake."

Wazee wakasema "Eeh!" kwa pamoja. Mwanamume, tena baba wa bibi-arusi, ashike jembe katika shamba la wakwe, mistari ya wanawake, kando ya barabara kuu, Kabale nzima ikipita! Kwetu baba mkwe hata maji hanywi ovyo pale alipomwoza binti. Nzabandora alifikiri, akamtazama mkewe. Mkewe akaitazama mikono ya Hakorimana, laini kama ya kapita.

"Paka Pasaka," akasema.

Basi Mukamurenzi na Kanyamibwa wakageuza njia siku ya pili, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso. Hakorimana akabaki, akalala jikoni kwa jirani maana chini ya paa la mkwe asingeweza, na alfajiri akaenda shambani na wake za watu. Walimpa mstari wa mwisho, ule wenye mawe. Walicheka siku za kwanza, kisha wakachoka kucheka, kisha wakaanza kumwachia maji. Viganja vikapasuka, vikapona, vikapasuka tena. Barabara ilipita palepale, na wasafiri wakimwona mtu mzima amesimama na jembe walimuuliza njia, kama watu wanavyofanya. Ya Mbarara ni ipi, Mzee? Kwa Katuna tunapita wapi? Angalia sasa! Maswali aliyoyangoja maisha yake yote yalimjia yenyewe, tena kutoka kwa wageni wasiomjua.

"Sijui," aliwajibu. "Uliza muntu mwingine."

Shamba lilifika mpaka nyuma ya nyumba, na jioni moja alipokuwa akilima karibu na ukuta, sauti ndogo ikatoka kwenye matete. "Papa."

Akasimama. Haikuruhusiwa, lakini nani alikuwa pale wa kukataza?

"Papa, jembe yako naisikia kutoka asubuhi. Iko inapiga mawe. Hapa si Sake. Inamisha mukono, vuta kwako."

"Sawa, mama yangu."

"Na usisimame-simame."

"Sawa." Akainamisha mkono, akavuta kwake. Aliona haya na alifurahi, vyote kwa wakati mmoja, na hakuweza kuvitenganisha.

Mukamurenzi hakupanga kitu. Alipika pombe, akashuka Sake na Kanyamibwa, akamngoja Floribert. Alipanda juu ya vitunguu, akaukumbatia mtungi, akajifunika kitenge mpaka machoni. Gisenyi waliipita nyumba ya Théogène, mlango uko wazi. Ruhengeri Béata alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Aliinua uso kamyo ilipopita, akaona kitenge alichokijua, akasimama, akainua mkono. Mukamurenzi akainamisha kichwa kati ya magunia, kamyo ikaenda. Alijua anachokifanya, na alijua gharama yake. Mpaka Béata anakufa hakumsemesha wifi yake tena, na Pierre wa Kisoro aliporudi huku kwetu alipita mbele ya nyumba yao bila kugeuka. Wewe unayesema kwamba njia iliyonyooka ndiyo nyepesi, jaribu kuipitia.

Jumatatu ya Pasaka mtungi ukawekwa tena katikati ya mkeka. Safari hii majani yalipoondolewa povu likapanda mpaka mdomoni. Mukamurenzi akatia mrija wa kwanza, Nzabandora akatia wa pili, akavuta, akafumba macho. "Hii," akasema, "haikupita fasi yoyote." Wanawake wakapiga vigelegele. Pazia la matete likaondolewa, Dancille akanyolewa nywele za mbele, akamwagiwa baraka, akasimama mlangoni akikinga macho, maana jua lilikuwa limekuwa geni kwake.

Wakamtafuta baba. Hakuwepo kwenye mkeka. Alikuwa shambani amevaa shati lake la kanisani, akimalizia mstari wa mwisho. Alikuwa ameahidi mpaka Pasaka, na hakujua kama Jumatatu imo ndani ya ahadi au la, na safari hii hakutaka kukosea.

Ilimpasa Dancille kukaa kwanza na wazee, wamtazame, wampe majina. Akawapita wote. Aliteremka shambani na nguo zake za bibi-arusi, udongo ukimshika miguuni, akafika kwa baba yake, akaishika mikono yake miwili akaigeuza juu. Aliitazama. Kisha akachukua jembe.

"Papa," akasema, "ikala."

Hakorimana akakaa chini palepale kwenye udongo. Akalia mbele ya wakwe, mbele ya mke wake, mbele ya kila aliyekuwa akipita Kabale siku hiyo, na Dancille akaendelea na mstari pale alipouachia baba yake.